Gengeni hakosei chenji, darasani kapata 12 kati ya 50

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina genge la mboga na matunda hapa Morogoro. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Mume wangu ni fundi seremala, yeye alifika kidato cha nne. Kinachonifanya nikuandikie ni binti yetu wa pili, yuko darasa la tano.

Huyu mtoto akitoka shule anakuja gengeni kunipokea ili niende kupika. Mteja akichukua mafungu mawili ya nyanya, vitunguu nusu kilo, hoho tatu na chane ya ndizi, yeye anajumlisha kichwani huku anafungasha, anapokea hela na kurudisha chenji. Jioni tukifunga hesabu mambo yako sawa. Kuna watu wazima wamejaribu kumzuga kwa noti, hawakumuweza.

Sasa juzi mwalimu wake wa darasa kaniita. Jaribio la hisabati kapata 12 kati ya 50. Nilishangaa, maana daftari lake la kazi za nyumbani limejaa vema tupu. Nilipombana akasema ukweli: kazi hizo anafanyiwa na kaka yake aliye kidato cha pili, yeye ananakili tu.

Nikakaa na ile karatasi ya jaribio. Swali la kwanza lilikuwa 10,000 − 6,350. Kaandika 16,350. Nikamuuliza, "Mteja kachukua vitu vya 6,350, kakupa noti ya elfu kumi, unamrudishia ngapi?" Akajibu hapo hapo, bila hata kufikiri, "Elfu tatu mia sita hamsini." Nikamwambia, sasa mbona hapa umeandika vingine? Akaniangalia kama vile nimeuliza kitu cha ajabu, akasema, "Lakini mama, hii ni ya shule."

Mafumbo ndiyo balaa zaidi. Fumbo moja lilisema: "Juma ana maembe 36. Maembe yake yamezidi ya Asha kwa 9. Asha ana maembe mangapi?" Akajibu 45. Nilipomuuliza kwa nini, akasema kwa sababu wamesema yamezidi.

Baba yake akikaa naye dakika tano anapandisha sauti, "Hata hili hulijui?" Mtoto analia, kazi inaishia hapo. Mimi naogopa hata kugusa daftari lake. MAGAZIJUTO yenyewe naikumbuka kwa mbali. Majirani wawili wanapeleka watoto wao tuisheni ya jioni. Mwingine kaniambia siku hizi zipo programu za simu, unapiga picha swali, jibu linakuja na njia zake zote. Hela ya tuisheni naweza kuibana, ila akienda huko genge halina mtu jioni. Nifanyeje, Mwalimu?

Mama wa genge, Morogoro

JIBU

Marahaba, mama. Pole na hilo la kuitwa shuleni.

Barua yako nimeisoma na kuirudia hasa pale mtoto aliposema "hii ni ya shule". Mwanao ana akili ya hesabu, tena ya kutosha. Ila ameshajiwekea kwamba hesabu ziko za aina mbili, za gengeni ambazo lazima zilete maana, na za shuleni ambazo hazidaiwi maana yoyote, mradi ujaze nafasi. Ndiyo maana kaandika kwa mkono wake chenji inayozidi noti aliyopewa na wala hakushtuka. Gengeni angeshtuka.

Hayuko peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya mjini Recife, Brazil, kwa watoto watano wa kati ya miaka 9 na 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni. Watafiti walifika kama wateja, wakauliza bei na chenji. Watoto walipata kama asilimia 98 ya majibu. Baadaye watoto wale wale wakapewa karatasi na kalamu, namba zikiwa za aina ile ile. Zilipoandikwa katika fumbo walipata kama asilimia 74. Zilipoandikwa tupu, namba kwa namba, wakashuka hadi 37. Kijana mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja. Akaanza: tatu ni 105, tatu nyingine zinafika 210, tatu tena 315, na moja, 350. Hakujishughulisha na kuongeza sifuri mwishoni mwa 35. Njia yake ni ndefu, lakini kila hatua anajua ameshika nazi ngapi.

Kwa hiyo mama, kazi yako si kumfundisha hesabu upya. Kazi yako ni kumfanya hizi za shule azidai maana kama anavyozidai za gengeni. Na hilo halihitaji kidato cha nne.

Tuanze na 10,000 − 6,350. Alichofanya hapo nimekiona kwa watoto wengi sana. Amezipanga namba juu na chini, akafika kwenye sifuri toa tano, akaona haiwezekani, akageuza: tano toa sifuri, tano. Sifuri toa tatu, akaandika tatu. Sifuri toa sita, sita. Ile 1 ya mwisho kushoto haina kitu chini yake, akaishusha. 16,350. Si uzembe huo. Anafuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia: toa ndogo kwenye kubwa, popote ilipo.

Gengeni anafanyaje? Mwangalie leo mkono wake. Nina hakika anapanda kutoka bei kwenda kwenye noti: 6,350, hii mia moja hamsini tumefika 6,500, hii mia tano tumefika 7,000, hizi elfu tatu tumefika 10,000. Mwambie aandike hivyo hivyo kwenye daftari la pembeni, mstari kwa mstari: 150, kisha 500, kisha 3,000, halafu ajumlishe. 3,650. Huko ni kutoa kamili, hakuna mwalimu wa hisabati atakayekukatalia. Mwambie kwa maneno hayo hayo, kwamba unachofanya gengeni ndiko kutoa kwenyewe. Nadhani hajawahi kuambiwa na mtu.

Mwalimu wake atataka pia ile njia ya kukopa kutoka kushoto, na ana haki, kwa sababu mbele ya safari itahitajika. Lakini ajifunze akiwa tayari ana jibu mkononi, ili njia mpya ikimletea kitu kingine ajue kuna mahali imekwama. (Kuna ujanja mmoja wa sifuri nyingi ambao watoto wanaupenda: punguza moja juu, fanya 9,999 − 6,350, hapo hakuna kukopa kabisa, unapata 3,649, kisha rudisha ile moja.)

Sasa mafumbo. Watoto wengi hawasomi fumbo, wanawinda namba. Wakishapata namba mbili wanatafuta neno la kuwaambia wafanye nini: "jumla" ni kujumlisha, "alibaki" ni kutoa, "yamezidi" ni kuongeza. Walimu wengine wanawafundisha hivyo kwa makusudi, wanawaandikia maneno hayo ubaoni na alama zake. Mimi siungi mkono. Inafanya kazi kwenye mafumbo mepesi na inawaangusha kwenye mengine yote. "Mama aliuza sado 7 za viazi, akabaki na sado 5. Alianza na ngapi?" Neno "akabaki" limo, na anayefuata neno ataandika 2. Yaani mama aliyeuza sado 7 alianza na sado 2!

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto 97 wa shule ya msingi swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuchezesha zile namba mbili. Hao si wajinga. Wamefundishwa na mazoea kwamba swali la hesabu lazima lina jibu, na jibu linatoka kwenye namba zilizoandikwa. Mjaribu binti yako kwa hilo swali, ila kwa utani, msicheke mkimcheka yeye.

Dawa ninayoipenda ni ya bure. Fumbo likiwa mbele yenu, mwambie azibe namba zote kwa vidole, au abandike vipande vya karatasi juu yake. Kisha asome kwa sauti: "Juma ana maembe kadhaa. Maembe yake yamezidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi?" Halafu kaa kimya. Ukishindwa kukaa kimya, endelea kuchambua mchele. Baadaye uliza, kama mtu anayetaka umbea kabisa: "Enhe, nani na nani hao?" Juma na Asha. "Nani mwenye maembe mengi?" Hapo atasoma tena. Juma. "Kwa hiyo ya Asha ni mengi au machache kuliko ya Juma?" Machache.

Simama hapo. Usiende kwenye namba bado. Mwambie achore mistari miwili, wa Juma mrefu, wa Asha mfupi, inaanzia sehemu moja kushoto. Kile kipande cha Juma kilichomzidi Asha akitie rangi. Ndipo aondoe vidole: mstari mrefu wote ni 36, kipande chenye rangi ni 9. Mstari wa Asha ni upi? Hata asipokuwa amemaliza kuhesabu, ile 45 haiwezi kuingia tena, maana ameshakuambia mwenyewe kwamba ya Asha ni machache. 27 itakuja bila wewe kuitaja.

Wewe hujafundisha kitu chochote cha "siku hizi" hapo. Umeuliza nani, nani, na yupi mwenye zaidi. Ukiona amekwama usimwambie jibu, mwambie asome tena ile sentensi moja. Na jambo moja nalisisitiza sana: penseli isiingie mkononi mwako, wala kwa kaka yake, wala kwa baba. Anayeshika penseli ndiye anayejifunza, mengine yote ni maneno.

Umesema MAGAZIJUTO unaikumbuka kwa mbali. Nikukumbushe: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni kifupisho kizuri, kimetusaidia vizazi na vizazi, lakini kina mtego mkiani na binti yako ataukuta kama hajaukuta tayari. Chukua 20 − 8 + 5. Mtoto anasema JU inatangulia TO, basi 8 + 5 ni 13, 20 toa 13 ni 7. Mwalimu anamwekea kosa, na yeye haelewi kwa sababu kafuata kanuni neno kwa neno. Mfanyie ya gengeni: kwenye kopo la hela kuna 20, imetoka 8, imeingia 5. Zipo ngapi? 17. Hakuna mtu atakayesema 7. Ile 5 imeingia, haikutoka, ila yeye kaifungasha pamoja na 8 akaitoa nje. Mwambie kila namba inatembea na alama iliyo kushoto kwake, hawaachani. Zilizoingia ni 20 na 5, jumla 25, iliyotoka ni 8, imebaki 17. Hapo hata JU akiitanguliza hapotei. Kama zimebaki kujumlisha na kutoa tu, akitembea kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyosoma, atafika salama.

GAZI haina shida hiyo, kwa hiyo usimchanganye zaidi.

Za saa nazo ziangalieni, kwa sababu darasa la tano na la sita zinawasumbua. Basi limeondoka Morogoro saa 2:45 asubuhi, limefika Iringa saa 8:20 mchana, limetumia muda gani? Anayetoa kama hela anapata saa 5 na dakika 75. Amekopa mia wakati saa ina dakika 60. Njia ya chenji inafaa hapa pia: kutoka 2:45 hadi saa 3 kamili ni dakika 15, kutoka saa 3 hadi saa 8 ni saa 5, kisha dakika 20. Saa 5 na dakika 35. Muulize, "Dakika 75 umewahi kuona saa gani inasema hivyo?" Swali kama hilo, la kumrudisha kwenye kitu anachokijua, ndilo la kumzoesha kila akimaliza. Kwa sehemu ni hivyo hivyo. 1/2 + 1/4 watoto wanaandika 2/6, wamejumlisha juu na juu, chini na chini. Muulize kwenye mizani: nusu kilo ukiongeza robo unapata ngapi? Robo tatu, atakujibu bila kusita. Na 2/6 ni theluthi, ni chini ya ile nusu uliyoanza nayo. Umeongeza vitunguu, mzigo ukapungua? Akishacheka, mwache atafute mwenyewe kwa nini vipande vya robo na vya nusu havihesabiwi pamoja kabla nusu haijakatwa kuwa robo mbili.

Jedwali la kuzidisha lazima alijue kwa moyo, hapo mimi ni wa zamani. Mtoto anayesimama kutafuta saba mara nane ni ngapi anasahau fumbo lilikuwa linahusu nini. Lakini usimuimbishe lote kila siku. Tafuta yale yasiyokaa, mara nyingi ni machache tu kwenye saba, nane na sita, umuulize mkiwa njiani au mnapanga mafungu.

Baba yake. Mama, ninajua kwa nini anapandisha sauti, anaona jambo ambalo kwake ni jepesi na anadhani mtoto anafanya makusudi. Lakini mtoto anayeogopa hafikirii swali, anamtazama anayeuliza usoni ili abahatishe jibu litakalomtuliza. Usimkataze mume wako kusaidia, mpe kazi nyingine. Yeye ni seremala! Nyumba yenye seremala ndani haipaswi kununua kitabu cha vipimo. Amuite karakana Jumamosi: ubao una sentimita 240, nataka vipande vya sentimita 35, nitapata vingapi na kitabaki kipande cha ngapi? Kwa daftari ni vipande 6 na inabaki sentimita 30. Kisha wakate kweli, wapime kilichobaki. Hakitafika 30, kwa sababu msumeno unakula mbao kila unapopita. Kama unakula milimita 3, mikato sita imekula milimita 18, kimebaki kama sentimita 28 na kitu. Baba amweleze hilo kwa kujidai kabisa, ni ufundi wake. Mtoto ataona baba yake naye anaishi kwa hesabu, na sauti haitapanda kwa sababu mikono ina kazi.

Kaka yake asigombezwe sana, alidhani anasaidia. Ila tangu leo kazi yake ni moja, kuuliza. Aulize "umejuaje?" kwa kila jibu, liwe sahihi au kosa. Liwe sahihi pia, nasisitiza, maana mtoto anayeulizwa akikosea tu anajifunza kwamba kuulizwa ni kuambiwa umekosa, na atalifuta jibu zuri kwa hofu.

Programu za simu sizichukii. Mtoto akishamaliza kwa mkono wake, piga picha mlinganishe, na pale majibu yanapotofautiana msome njia zao pamoja mjue mmeachana wapi. Kabla hajamaliza, simu ikae mbali, la sivyo itakuwa kaka wa pili wa kunakilia.

Tuisheni? Kwa sasa ningekuambia subiri. Tuisheni nyingi ninazozifahamu ni darasa jingine tena, watoto wengi, ubao, maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake. Mtoto ambaye shida yake ni kukimbilia jibu atapewa majibu mengine ya kukimbilia. Na genge ndilo mahali pekee ambapo kwa sasa anajiamini kwa namba, sitaki umuondoe huko kumpeleka pa kulia mara ya pili kwa siku. Ila na wewe usimfanye mtumwa wa genge, apate muda wa kazi za shule kabla giza halijaingia. Nusu saa iliyotulia inatosha, mafumbo mawili yaliyoeleweka ni bora kuliko ishirini yaliyonakiliwa.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa mwalimu wa darasa umwambie ukweli kuhusu zile vema. Usione aibu. Mwalimu mwenye darasa kubwa anategemea daftari limuonyeshe nani amekwama wapi, na daftari la binti yako lilikuwa linamwambia hakuna tatizo. Mwombe ruhusa kazi ya nyumbani irudi jinsi ilivyo, yenye makosa, hata nusu. Pale aliposhindwa aandike kwa maneno yake kilichomshinda: "sijui hii 9 ni ya nani". Mwalimu akisoma sentensi kama hiyo atajua pa kuanzia kuliko kuona kosa jekundu. Muulize pia anakaa dawati la wapi na kama anauona ubao vizuri. Watoto wananakili swali vibaya kwa sababu ya macho, kisha wanasahihishiwa kama waliokosa hesabu.

Halafu kuna kipimo kimoja nataka ukifanye nyumbani wiki hii. Mpe ukurasa mmoja wa hadithi kutoka kitabu chake cha Kiswahili, asome kwa sauti, kisha afunge kitabu akusimulie. Akisoma kwa kusuasua, au akasoma vizuri lakini hawezi kusimulia, basi shida iko kwenye kusoma, na mafumbo yanaionyesha tu. Hapo hesabu ziwekeni pembeni kidogo, msome hadithi kila jioni kwa zamu, hata za kwenye gazeti lililofungia dagaa. Hilo ni la kushughulikia mapema, kwa sababu akifika kidato cha kwanza mafumbo yatamjia kwa Kiingereza, na hapo atahitaji awe tayari na mazoea ya kuuliza nani, nini, na kipi kimezidi kipi. Akisoma na kusimulia bila shida, endelea na vidole juu ya namba kama nilivyoeleza, hadi jaribio lijalo. Uniandikie amepata ngapi, na zaidi ya hapo, unitumie fumbo moja alilokosa jinsi alivyoliandika mwenyewe.